Ukuta wa Béthanie na Lulu Isiyo Mviringo

Katika kanisa la Béthanie, kule kwartie, mtaa wa wafanyakazi wa reli mjini Kamina, kulikuwa daftari moja lililoogopwa kuliko askari wa Base, ile kambi ya jeshi. Lilikuwa kubwa, lenye ganda jekundu, na jina lake Kitabu cha Wageni. Mgeni yeyote aliyepita, akiisha kula na kunawa mikono, alipewa kalamu aandike. Yenga iliyofuata, yaani Jumapili, ibada ikiwa imejaa watu, sekretere alisimama akasoma maneno ya mgeni, akayageuza kwa Kiswahili, na kile mgeni alichosema kikawa sheria.

Hakuna aliyekumbuka nani alianzisha desturi hiyo, lakini nguvu ilikuwa nayo. Daktari mmoja aliandika kwamba kanisa lina hewa nyingi safi. Tangu siku ile hakuna mtu aliyethubutu kutia vioo katika madirisha, na kila mwezi wa kumi na mbili mvua iliingia ikawabatiza waimbaji upya. Mgeni mwingine aliandika kwamba viti ni imara. Basi viti vile vya mbao, vyenye kukata watu mapaja, havikuguswa miaka kumi na tisa.

Mama Marthe Kabamba, mjane na kiongozi wa wamama wa kanisa, aliyajua hayo yote na hakuyanung'unikia. Ila mwaka huu kitabu kile kiligusa ukuta wake.

Ukuta wenyewe ni ule wa nyuma, juu ya mlango. Watu wanaupa mgongo wakati wa ibada, lakini wazee, waimbaji na wageni, ambao wanakaa mbele wakitazamana na watu, wanauona toka mwanzo mpaka mwisho. Pasta wa zamani, kabla hajahamishwa, alimpa Mama Marthe ruhusa ya kuupambisha. Ruhusa ilikuwa ya msalaba mmoja na njiwa wawili. Mama Marthe akamwita Bolingo, mchoraji aliyetoka Kabongo, mtu wa kuchora vibao vya salon za kunyoa na maduka ya dawa. Bolingo akachora msalaba, akachora njiwa wawili, akarudi nyuma hatua tatu, akaona pembeni kuna mahali patupu. Akatia ua. Ua likaonekana pweke, akalitilia majani. Majani yakataka kitu cha kuyashika, akaweka nguzo.

Majuma matatu baadaye ukuta ulikuwa na nguzo nne zilizojipinda kama nguo inayokamuliwa, mapazia mekundu yaliyofunguliwa na mikono isiyo na mwenyewe, mawingu yaliyovimba kama bukari, ugali wa jikoni, mahindi, samaki wa kule Kabondo-Dianda, gari la moshi likitokea katika wingu, na malaika kumi na mmoja wenye tarumbeta. Malaika wote walikuwa wamenyolewa vizuri sana, maana mkono wa Bolingo ulikuwa umezoea. Na kwa kuwa katika vibao vya salon kila kichwa kinapewa namba, ili mteja aonyeshe kwa kidole tu, Bolingo alijisahau akaandika namba chini ya kila malaika. Alipoambiwa, alizifuta. Namba saba peke yake ilikataa kutoka.

Malaika namba saba ndiye aliyekuwa siri ya Mama Marthe.

Bwana yake, Zébédée, aliendesha gari la moshi miaka thelathini na moja, Kamina kwenda Kabongo na mbele zaidi. Alipokufa, ile picha yake ya ukutani nyumbani ilikuwa imeliwa na mchwa, ikabaki kola ya shati tu. Picha nyingine, ile ya karte ya kupigia kura, ilienda naye kaburini: ndugu walimvika koti lake la Yenga bila kupekua mfuko, wakaikumbuka karte siku tatu baadaye, wakati ofisi ilipoiomba. Basi uso wa Zébédée haukuwa tena mahali popote duniani, ila katika kichwa cha Mama Marthe, na kichwa kile kilikuwa kimeanza kupoteza masikio.

Ndiyo maana, alipokuwa anampelekea Bolingo chakula, alisimama chini ya ngazi na kuelekeza.

"Pua ishuke kiloko, kidogo tu. Hapana, sasa unamuzeesha. Sikio ya kuume ilisimama kupita ingine."

"Mama, hii malaika itakuwa na masikio sawa milango ya gari."

"Njo vile ilikuwa. Fungua ile milango."

Tangu hapo, kila siku ya posho, Jumamosi asubuhi, akifagia kanisa peke yake kwa ajili ya Yenga, aliinua macho na kumwambia malaika namba saba habari za juma: nani amezaa, nani amehamia Lubumbashi, mbuzi wa jirani amekula tena mihogo. Hakumwomba kitu. Mama Marthe alijua mpaka uko wapi kati ya kuomba na kuongea, na hakuuvuka. Lakini vilevile hakumuuliza pasta, kwa sababu aliogopa jibu.

Mwezi wa tano akaja Madamu Winifred, Mwamerika mzee, mwalimu wa kuchora aliyekwisha kustaafu kazi. Alikaa mbele na wageni, akala sombe ya majani ya muhogo, akapewa kalamu, akaenda zake. Yenga iliyofuata Éliézer, sekretere wa kanisa, karani wa ofisi kwa siku sita na mtu wa Mungu kwa siku ya saba, alivaa miwani akafungua daftari.

"Madamu anasema asante kwa mapokezi. Madamu anasema sombe ilikuwa tamu. Madamu anasema watoto wanaimba kama ndege. Na juu ya ukuta wetu, Madamu anasema..."

Alisogeza daftari mbali, akalileta karibu.

"Madamu anasema: baroque."

Tata Kapenda, shemasi mzee aliyekuwa anageuza maneno kwa Kiluba, alinong'ona, "Maana yake?"

"Sema vile vile."

Tata Kapenda akawaambia watu kwa Kiluba kwamba ukuta ni baroque, na watu wakaitika Amina, kwa sababu lilikuwa limesemwa kanisani.

Komite ya kanisa ilikutana siku mbili baadaye. Éliézer alikuwa amejitayarisha.

"Minyi niko kwa ofisi miaka makumi mbili na sita," alisema. "Chefu akisemaka mawazo ya mutu iko baroque, ile karatasi inaingia kwa takataka. Haichelewe."

"Ile ni Kifaransa," Mama Marthe akasema. "Madamu aliandika Kingereza."

"Kingereza ilikamata ile neno kwa Kifaransa, mama. Ni neno moja."

"Na inasema nini sawasawa?"

"Inasema kitu cha ajabu-ajabu. Haina mpango. Imepindapinda. Madamu ni mwalimu ya kuchora, amehukumu."

"Nguzo zimepinda kweli," akasema Mama Béatrice, mkubwa wa waimbaji, mwanamke asiyeweza kunyamaza mahali kuna nafasi. "Minyi nikiangalia ile ya tatu nasikia kizunguzungu, nasahau ubeti ya pili."

Pasta Abdias alikuwa kijana, mwenye miezi sita tu pale Kamina, na Kitabu cha Wageni kilimtisha kuliko wazee wote. Alikikumbatia kifuani.

"Kama mugeni amesema, amesema," aliamua. "Surintendant, mukubwa wa mapasta, anafika hii Yenga yenye kuja. Siku ya posho saa tatu tutakutana tena. Kama hakuna muntu mwenye kuleta maana ingine, tunapakala chokaa."

"Chokaa nitaloweka mapema," akasema Éliézer.

Mama Marthe alikuwa mtu wa kutazama. Alitazama namna Éliézer alivyoongea habari ya ukuta akiangalia viatu vyake. Halafu akatoka nje, akasimama juani, akahesabu. Siku nne, halafu brosi moja ya chokaa juu ya sikio la kuume.

Alienda moja kwa moja kwa Shekina, binti ya mdogo wake, mwalimu wa Kingereza katika shule ya sekondari.

"Mwanangu, nipatie maana ya neno moja."

Diksionere ya shule ilikuwa nene na ya kuaminika, lakini ilianzia herufi C. A na B zilikuwa zimeenda na panya. Shekina akachukua telefone, akaandika neno, akaagiza ligeuzwe kutoka Kingereza kwenda Kifaransa. Telefone ilifikiri sana, ikajibu: baroque.

"Inakurudishia neno yako," Mama Marthe akasema. "Hata Tata Kapenda alifanya vile, na yeye hatumutiaka chaji ya umeme."

"Basi, Mama mukubwa, tuulize mwenyewe aliandika."

Rezo ya telefone pale Kamina haipatikani kila mahali. Ile nzuri ilikuwa nyuma ya gare, ile stesheni ya reli, kwenye kipande cha ardhi kilichoinuka kidogo, ambapo watu walisimama mstari mmoja wakielekea upande mmoja, kama wanaongoja gari la moshi lisilo na saa. Shekina alimwandikia Madamu. Walingoja siku ile, wakangoja kesho yake. Siku ya tatu, jua likiwa kichwani, telefone ikalia. Madamu hakuandika; alipiga.

Shekina alisikiliza kwa sikio moja na kugeuza maneno kwa kinywa.

"Anasema neno ni ya zamani. Anasema bantu mingi ya elimu banasema ilitokea kwa Baportugizi, benye kuuzisha lulu."

"Lulu? Ile ya Injili?"

"Lulu, Mama mukubwa. Kuko ya mviringo, na kuko ingine inatoka kwa maji imepinda, iko na nundu, sawa jino ya muzee. Ile ya kupinda njo baliita vile."

"Endelea."

"Anasema kisha kule Ulaya balijenga makanisa ya kujaa. Nguzo za kujipinda, mapazia, mawingu, malaika kila pembe."

Mama Marthe akamshika mkono. "Bolingo alifika kule?"

"Bolingo hajafika hata Lubumbashi."

"Endelea."

"Anasema bajukuu yabo, benye kupenda mistari ya kunyooka, balichekelea ile makanisa. Balisema: hizi ziko sawa ile lulu mubaya. Ilikuwa matusi."

"Éliézer atafurahi."

"Ngoja. Anasema miaka mia moja na zaidi ilipita, bantu bengine ba elimu balirudia kuangalia, polepole. Baliona kumbe kuko akili ndani. Lakini ile jina ilikuwa imekwisha kunata. Basi balichukua matusi, balifanya jina ya heshima. Leo bantu banapanda ndege juu ya kuenda kuona."

Mama Marthe akasogea karibu na telefone. "Na yeye? Ukuta yetu, yeye mwenyewe aliipenda ao aliichekelea?"

Shekina akauliza. Akabana telefone sikioni, uso ukajikaza. "Anasema: na minyi mwenyewe, nikiangalia ukuta yenu, kusema kweli..."

"Eeh?"

"Imekatika."

"Iunganishe."

"Ni rezo, Mama mukubwa, si kamba."

Mstari mzima wa watu ukainua telefone juu, kila mtu akilaumu yake. Rezo ilikuwa imeondoka Kamina, na mtu yeyote wa mji ule angeweza kukuambia kwamba ikiondoka haiachi habari ya kurudi.

Siku ya posho saa tatu, pipa la chokaa lilikuwa limesimama mlangoni, jeupe mpaka ukingoni. Komite ilikaa mbele. Bolingo pia aliitwa. Alikaa peke yake kwenye kiti cha mwisho na brosi mfukoni, kama mtu aliyekuja kuhukumiwa na kifaa chake.

Mama Marthe alisimama akasimulia yote, toka Wareno mpaka ndege. Hakuongeza kitu. Alipofika mahali rezo ilikatika, alisema ilikatika.

"Kwa hiyo haujui kama aliipenda," Éliézer akasema.

"Sijui."

"Na kitabu haikuandika lulu. Kitabu imeandika neno moja na alama ya mshangao."

"Njo ile neno niliifuata, Tata Éliézer. Weye uliishia kwa ofisi yako. Minyi nimeenda mpaka kule ilizaliwa."

Tata Kapenda alitoa sauti ndogo ya kufurahi. Mama Marthe akamgeukia pasta.

"Pasta, weye ulisoma chuo, minyi niliishia la sita. Unisaidie. Ule mufanyabiashara mwenye Yesu alisimulia, mwenye aliuzisha bintu yake yote juu ya lulu moja. Yesu alisema ile lulu ilikuwa ya mviringo?"

Pasta Abdias alifungua Biblia yake. Alisoma midomo ikitikisika. Alisoma tena, safari hii na kidole.

"Hakusema."

"Asante, Pasta."

"Lakini ilikuwa matusi!" Éliézer akainuka. "Mwenyewe umesema! Balitumia ile neno kwa kuchekelea!"

"Balitumia miaka mia moja. Kisha balitubu. Minyi sitafuti mambo mingi: ukuta yetu ipewe ile wakati. Kama kisha miaka mia moja hii komite inaona ingali mubaya, minyi mwenyewe nitashika brosi."

Mama Béatrice alicheka mpaka akashika kifua. Hata pasta alitafuta mahali pa kuficha mdomo. Akamgeukia mchoraji ili aonekane bado ni mwenyekiti.

"Bolingo. Weye ulijua uko nafanya baroque?"

"Hapana, Pasta. Nilifikiri niko nafanya kazi."

"Mbona haukuacha mahali wazi? Hata kidogo?"

Bolingo alifikiri kwa uaminifu. "Nikiacha mahali wazi, Pasta, ile mahali inaniangalia."

"Inakuangalia weye!" Éliézer akapiga kelele, na sauti yake ikapanda mpaka kwenye mbao za paa. "Na namba saba je? Ile njo inaniangalia minyi! Kila Yenga nikisimama kwa meza yangu na matangazo, Zébédée ananiangalia!"

Jina lile likaanguka katikati yao, na hakuna mtu aliyeinama kuliokota.

Mama Marthe aliketi. Alijua kwamba sasa ukuta umekufa, na si kwa sababu ya Kingereza.

"Zébédée nani?" akauliza Pasta Abdias.

"Bwana ya huyu mama," Mama Béatrice akasema. "Machinisti wa gari ya moshi. Weye haukumujua, Pasta."

"Na yuko ukutani? Na... ninyi munajua?"

"Masikio yale, Pasta? Tunajua toka siku ya kwanza. Tulinyamaza juu tulifikiri mwenyewe hajue kama tunajua."

"Minyi namusalimiaka nikitoka," akasema Tata Kapenda.

Mama Marthe alifunika uso kwa mikono, akauliza kutoka ndani ya mikono, "Unamusalimiaka?"

"Na kofia natoshaka kwa kichwa, mama. Alikuwa mukubwa wangu kwa kazi."

Basi akawaambia. Aliwaambia habari ya mchwa na kola iliyobaki, habari ya koti na karte ndani ya mfuko, namna alivyoanza kusahau sikio. Aliwaambia kwamba kila siku ya posho anaongea naye kidogo, akifagia. "Simwombi, Pasta. Naapa mbele ya Mungu. Namuambia tu habari."

Pasta Abdias alisugua paji la uso. Mambo ya lulu yalikuwa mepesi kuliko haya. "Mufu kati ya malaika, Mama Marthe. Kanisa yetu haifundishe vile. Surintendant akiuliza..." Akatafuta msaada, akampata Éliézer bado amesimama. "Tata Éliézer. Anakuangalia, anakufanya nini?"

Éliézer alivua miwani. Bila miwani alionekana mtu mwingine, mdogo.

"Alikuwa rafiki yangu," alisema. "Lakini alikuwa na ile saa yake ya kazi. Nikisoma matangazo, yeye akiwa kule nyuma, anainua mukono, anaonyesha saa. Kila Yenga. Gari ya moshi ikichelewa siku mbili anavumilia, matangazo hapana. Alipokufa nililia kweli. Kisha nilisema, sasa nitasoma kwa amani." Alionyesha ukuta bila kuuangalia. "Kumbe. Na tarumbeta kwa kinywa, sawa mutu mwenye kutaka kupiga filimbi ya kuondoka! Nikifika tangazo la tatu koo inakauka. Naketi. Kuko matangazo mingi sijasoma toka mwaka jana."

Watu wakaanza kufanya hesabu. Zamani matangazo ya Éliézer yalikuwa yanachukua dakika arobaini na tano. Alikuwa anatangaza ndoa, vifo, mikutano, tena anaeleza mikutano iliyopita ilikwendaje. Watu walikuta bukari imekuwa jiwe nyumbani. Halafu, ghafla, dakika kumi. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Wazee na wamama walifikiri amepata ugonjwa wa kifua, na mara mbili walikuwa wamefunga kula wakimwombea apone.

"Njo sababu?" Mama Béatrice akasema polepole. "Ni Zébédée?"

"Na sisi tulifunga," akasema Tata Kapenda. "Minyi na miaka makumi saba na mbili, nilifunga mpaka magaribi."

Tata Kapenda akamgeukia mwenyekiti. "Pasta, tupige kura."

"Bado sijasema tunapigia kura nini."

Lakini mikono ya kuuacha ukuta ilikuwa imekwisha kuinuka. Mama Béatrice aliinua yote miwili. Bolingo, ambaye hakuwa mtu wa komite, aliinua brosi. Pasta Abdias aliitazama ile mikono, akatazama ukuta, akasema kwamba kwa upande wa mafundisho, yule ni malaika, ameandikwa namba kabisa. Na kama malaika amefanana na mtu fulani, hiyo ni kazi ya Mungu aliyeumba masikio. Halafu naye akainua mkono.

Éliézer alibaki peke yake. Mama Marthe alimwona, akaona kwamba mtu yule hakushindwa na yeye, alishindwa na rafiki yake, na hilo ni jambo gumu zaidi.

"Tata Éliézer," alisema, "unataka nini?"

"Macho tu, mama. Ayageuze. Hata kidogo."

"Kidogo ya namna gani?"

Éliézer akapima hewani. "Vidole mbili."

Mama Marthe alifikiri muda mrefu kuliko alivyofikiri siku ya kuolewa. "Vidole mbili," alikubali. "Masikio haiguswe."

Ngazi ililetwa. Bolingo akapanda, na Mama Marthe akasimama chini, mkono mmoja kwenye ngazi, akihesabu kila mguso wa brosi. Chokaa ikaenda kupaka choo, na choo kikapendeza sana.

Rezo ilirudi mchana uleule, bila aibu, na maneno ya Madamu yakafika yameandikwa. Shekina alikimbia nayo mpaka nyumbani. Madamu alisema kwamba, kusema kweli, siku ile alikuwa anaangalia ukuta tu, kwamba hajaona furaha ya namna ile juu ya ukuta mmoja maisha yake yote, na kwamba anaomba msamaha kwa maana hakusikia hata neno moja la mahubiri.

Mama Marthe aliomba asomewe mara mbili. Alikaa na mikono juu ya magoti, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Nimupelekee sekretere, atie kwa Kitabu ya Bageni?" Shekina akauliza.

"Hapana!" Mama Marthe akainuka. "Ikiingia kwa kitabu itakuwa sheria. Kesho hakuna mutu atasikiliza mahubiri."

Kesho yake, Yenga, kanisa lilijaa mpaka nje. Surintendant aliketi mbele katika koti jeusi. Macho yake yalipanda kwenye nguzo ya kwanza, yakaizunguka, yakaenda ya pili, na hayakurudi tena chini. Éliézer alisimama kwenye meza yake, kando ya mimbara. Alitazama ukuta kwa hofu, kama mtu anayeonja uji wa moto. Malaika namba saba hakumtazama tena. Uso wake ukafunguka, akatoa karatasi zote za tangu mwaka jana, akazisoma. Alitangaza ndoa ambayo sasa ilikuwa na mtoto anayetambaa. Watu walivumilia. Wengine waligeuka nyuma na kumtazama Zébédée kwa macho ya kumlaumu.

Halafu Pasta Abdias akapanda mimbara. Kwa ajili ya Surintendant alikuwa ametayarisha mahubiri ya sehemu tano, na kila sehemu ilikuwa na vifungu vitatu. Alianza vizuri. Sauti yake ilikuwa na mwendo, mkono wake ulipanda. Katikati ya sehemu ya kwanza, akitafuta neno, aliinua macho kuelekea juu ya mlango, yakakutana na macho ya namba saba.

Alikaa vile.

Akashusha macho kwenye karatasi, akasema maneno mawili, akayainua tena. Akajikohoza. Akasogea upande wa kushoto wa mimbara, akasogea kuume, akarudi katikati.

Mama Marthe alikuwa katika kiti chake karibu na mlango, amempa ukuta mgongo kama watu wote. Hakuhitaji kugeuka. Alimtazama kijana yule akikunja kurasa tatu kwa mara moja, akifuta jasho, na akamsikia akisema, kwa sauti ya mtu aliye na gari la kuwahi:

"Na kwa kumaliza, wapendwa..."

"Amina," akasema Mama Marthe, kabla ya wengine wote.